Herufi Sita na Sukuni

Mwaka ule nilipangiwa darasa la kwanza, somo la Kiingereza, katika skuli moja ya Wete, Pemba. Watoto wa miaka sita na saba, wengi wao Kiingereza hawajapata kukisikia ila kwenye televisheni ya jirani. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya walimu tuliyosomeshwa njia ya foniksi, yaani mtoto aijue sauti ya herufi kabla ya jina lake. Somo la kwanza lilikuwa Jumatatu. Jumapili baada ya sala ya alasiri nikaketi ukumbini na daftari la maandalio, rula na kalamu, nikachora safu zangu: muda, hatua, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, tathmini.

Andalio la somo mwalimu mzoefu huliandika upesi. Hili lilinishika, kwa sababu nilijua linabeba nini. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina sauti ile ile popote uikutapo. Mtoto wetu akishaiweza ba be bi bo bu, husoma tangazo la dukani hata kama maana hajaipata. Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44. Herufi a peke yake ina sauti moja kwenye "cat", nyingine kwenye "cake", nyingine kwenye "car". Mtoto aliyekaririshwa ei, bii, sii anajua majina, na ukiyaunganisha majina "sii, ei, tii" hata ufanyeje hupati "cat". Nilishawaona watoto wa darasa la nne wakiuitikia ukurasa mzima kwa kichwa, kidole kiko mstari wa pili na mdomo uko wa tano. Na sera yetu ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilipanga hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Maana yake, mtoto anayejua kujumlisha tangu akiwa dukani kwa babake angefika mbele ya neno "add" akakwama, akaambiwa hajui hesabu. Jambo hili liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Semina ilitupa herufi sita za kuanzia: s, a, t, p, i, n. Hazifuati mpangilio wa alfabeti. Zimechaguliwa kwa sababu ukiwa nazo hizo sita tu, mtoto anaweza kusoma maneno mengi siku za mwanzo kabisa: sat, sit, pin, tin, tap, pan, nap, ant. Nilipoyapitia nikaona mengi yake yamo majumbani mwetu. "Tin" ni kopo la maziwa. "Tap" ni mfereji. "Pan" ni kikaango. "Pin" kila mtoto wa kike anayo kwenye ushungi. Zana za kufundishia zilikuwa tayari, sikuhitaji kununua kitu.

Kilichobaki ni mahali pagumu. Foniksi inataka sauti ya herufi itoke tupu, bila irabu nyuma yake. Ukisema "sa" badala ya s, na "ta" badala ya t, mtoto akiunganisha s, a, t atapata "saata", wala hatalifikia neno. Sasa Mswahili konsonanti tupu mwishoni mwa neno haimkai mdomoni. "Bus" tumelifanya basi, "team" timu, "pin" hiyo hiyo pini, na "school" tukalipa i yake tukapata skuli. Lugha yetu imejengeka hivyo na mimi siioni kuwa ni ila. Lakini nitamwelezaje mtoto wa miaka sita, katikati ya darasa lililofurika, kwamba leo aitoe irabu aliyozaliwa nayo? Niliandika, "Mwalimu atawaambia wanafunzi wasitie irabu mwishoni." Nikakata mstari. Mtoto huyo neno irabu lenyewe atalijulia wapi?

Shangazi yangu alikuwa akisomesha chuo cha Kurani barazani kwake, nyumba ya pili kutoka kwetu. Ulikuwa msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa mpaka ukingoni mwa njia, na watoto walikuja chuoni vidole vikinuka karafuu walizozichambua tangu asubuhi. Walikuwa ni hao hao watakaokuwa mbele yangu Jumatatu. Nilikuwa nimewasikia jioni zote tangu nirudi mtaa ule, na kwa kuwa nami nilipita barazani pale utotoni, masikio yangu yalikuwa yameshazoea, hayakamati tena. Jioni ile yakakamata. Alifu fat'ha a, alifu kasra i, alifu dhamma u. Kisha wakubwa kidogo: mimu kasra mi, nuni sukuni, min. Lamu fat'ha la, mimu sukuni, lam. Qafu fat'ha qa, dali sukuni, qad.

Min. Lam. Qad. Konsonanti tupu mwishoni, safi, kwa sauti moja, midomo ya watoto wa miaka sita. Wala hakuna aliyesema "mini".

Nikaweka kalamu chini. Watoto hawa jina la herufi na sauti yake walikwishavitenga zamani. Wanajua kwamba ile inaitwa mimu, lakini katika neno haisomwi "mimu", husomwa m. Kuunganisha sauti mpaka neno litoke ndiyo kazi yao ya kila jioni. Jambo nililokuwa nikitafuta namna ya kulianzisha wamekwisha kuwa nalo, na lina jina wanalolijua: sukuni, alama ya herufi isiyo na irabu.

Chuo kilipomalizika, karibu na magharibi, nikaenda na daftari langu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Nina jambo la kukuuliza la kisomo."

Nikamweleza. Akanitaka nimtamkie lile neno la kwanza. Nikasema "sat". Akataka tena, polepole. Kisha akasema, "Hiyo ni sini. Na hiyo a yako ni fat'ha nyembamba, ile inayokwenda na sini. Ukiitia uzito wa swadi utaiharibu. Waambie hivyo hivyo, watakupa." Nilishangaa, maana semina ilituambia kuwa a ya "sat" iko baina ya a yetu na e yetu, tukajaribu walimu wazima na tusiipate, naye ameikamata kwa kusikia tu. Kiingereza hakukisoma hata siku moja.

Tulipofika kwenye p akatikisa kichwa. "Hiyo haimo msahafuni." Lakini akakumbuka kuwa babu alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na humo p ilikuwa na alama yake: kama be, ila chini nukta tatu. Akaiandika kwa chaki kwenye ubao wa chuo nikaiona. Tukaizungumza p ya Kiingereza, ile ya mwanzo wa neno, inavyotoka na pumzi hata karatasi ukiishika mbele ya mdomo ikatikisika. Akasema anaijua, wazee ndivyo walivyokuwa wakimtenga paa wa mwituni na paa la nyumba.

Halafu akanipa kanuni niliyoisoma utotoni na sikuwahi kuifikiria nje ya chuo. Ukitaka kujua herufi inatoka wapi kinywani, itie sukuni, kisha itangulizie hamza yenye irabu. As. At. An. Hapo ulimi utakapotua ndipo makhraji yake. Ibn al-Jazari, mwanachuoni wa tajwidi, alizihesabu makhraji 17, na shangazi alikuwa akiwaonesha watoto kwa kidole, koo, ulimi, midomo, mpaka kila mmoja ajue chake kinakaa wapi.

"Lakini," akaniambia, "maneno ya msahafu usiyachanganye na vikopo vyako." Nikamwahidi. Nilichokwenda kuazima ni ule ustadi na lile neno sukuni, basi. Naona alikuwa na haki kuliweka wazi, na ahadi ile niliishika miaka yote niliyosomesha.

Usiku nikaliandika andalio upya. Hatua ya mwanzo nikaifanya ya masikio matupu, hakuna herufi ubaoni: as, at, ap, in, watoto wakisikiliza na kurudisha. Baadaye ndipo kadi. Nilizikata kwenye boksi la biskuti, nikaandika herufi ndogo tu, kwa kuwa ukurasa wa kitabu umejaa herufi ndogo, na a nikaiandika kwa umbo ambalo mkono wa mtoto unaliweza. Tofauti ya "sit" na "seat" nikaiacha kwa baadaye. Watoto wa chuoni wanajua madi, yaani kuvuta irabu, wanajua kuivuta kwa harakati mbili, na hilo lingesaidia. Ila i fupi ya Kiingereza haiishii kwenye ufupi, mdomo nao hulegea kidogo, na sikutaka kuwaingiza humo siku ya kwanza. Sauti ya "th" haikunipa wasiwasi wowote. Anayeitenga thelathini na salasini tangu mdogo, na aliyekwisha kusomeshwa the na dhali, "this" na "thin" hazimsumbui.

Asubuhi darasa lilijaa, wengine wamekaa mkekani mbele. Nikaanza na as, at, in. Wakaitikia. Nikawaambia, "Leo kila herufi ya mwisho ina sukuni." Nikaona nyuso zinageukiana. Nikabandika kadi tatu ubaoni, p, i, n, nikagusa moja moja kwa rula bila kutaja jina. Pakapita kimya kidogo. Halafu mtoto mmoja wa kike, safu ya pili, akapeleka mkono kwenye ushungi wake akaishika pini, akasema, "Pin!" Bila i ya mwisho. Wenziwe wakageuka kumtazama, kisha kila mwenye pini akaishika yake, na darasa zima likawa linasema pin, pin, pin.

Nikabadilisha kadi ya kwanza, nikaweka t, nikanyanyua kopo. Wakasoma wenyewe. Nikapeleka n mbele na p nyuma, nikatia a katikati: nap. Hilo hawakuwa na kitu cha kulishika, walilisoma kwa sauti zake tupu, na kwangu mimi hapo ndipo somo lilipothibiti, kwa kuwa neno usilolijua huwezi kulikariri.

Kwenye "tap" kijana mmoja akasema "tapu". Kabla sijafungua mdomo jirani yake akamkatiza: "Sukuni! Umeitia dhamma wewe." Yule kijana akafunga midomo, akarudia, ikatoka "tap" kavu kabisa.

Kwenye safu ya tathmini nikaandika kuwa wamesoma pin, tin na nap bila irabu ya mwisho, tap irudiwe, na herufi zinazofuata ziwe m na d. Daftari likaenda kwa mwalimu mkuu kutiwa saini. Mchana akaniita, kidole chake kiko kwenye lile neno.

"Mwalimu, sukuni inafanya nini kwenye andalio la Kiingereza?"

Nikamwomba aje darasani siku ya pili. Akaja, akakaa nyuma kwenye kiti kifupi cha mtoto. Tulikuwa kwenye "mad" na "sad", na dali ilikuwa ikidunda mwishoni kwa kalkala, ule mdundo wa herufi yenye sukuni, kama walivyofunzwa barazani. Niliiacha ijidundie, kwa kuwa dali inayodunda mtu huisikia kuwa ni d, na kuitua taratibu ni kazi ya mwezi mwingine. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka kengele. Kisha akalichukua daftari, akampelekea mwalimu wa mkondo wa pili ili alinakili andalio.