Barafu ya Katikati ya Mto

*"Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, wala msimpe Ibilisi nafasi."* (Waefeso 4:26-27)

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili nimeirudia riwaya ya Little Women, ambayo Mmarekani Louisa May Alcott aliitoa kwa sehemu mbili, 1868 na 1869. Ni habari za mabinti wanne wa nyumba ya March, Meg, Jo, Beth na Amy, wanaolelewa na mama yao huku baba, mtumishi wa Mungu, akiwa vitani kuwahudumia askari. Wanaoihubiri hupenda asubuhi ile ya Krismasi, mabinti wanapokiacha kifungua kinywa chao na kukipeleka kwa mama maskini mwenye kichanga. Ni tukio zuri, sina neno. Lakini sura isiyoniacha ni ya nane, ile ambayo Alcott aliiwekea jina la Apolioni, malaika wa kuzimu tunayemsoma katika Ufunuo 9:11.

Meg na Jo wanakwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Amy, kitinda mimba, anataka kufuatana nao na Jo anamkatalia kwa ukali. Kwa hasira, Amy anachukua kitabu cha hadithi alichokiandika Jo kwa mkono wake na kukitia motoni. Kazi ya miaka kadhaa, na nakala nyingine hakuna. Baadaye Amy anaomba msamaha, na Jo anamwambia hatamsamehe kamwe.

Kila nikifika hapo niko upande wa Jo, wala sioni haya. Sisi makanisani tuna haraka mno na aliyeumizwa. Mkosaji akishatamka "nisamehe", macho yote humgeukia aliyekosewa, kana kwamba deni limehamia kwake. Mama wa mabinti hawa hafanyi hivyo. Kwanza anahakikisha Amy ameuona ubaya wa alichofanya. Usiku anamnong'oneza Jo maneno haya haya ya Paulo, kwamba jua lisichwe. Jo anakataa, na mama hamlazimishi. Jua likachwa.

Kesho yake Jo anakwenda mtoni na jirani yao, Laurie. Ni nchi ya baridi, mto umeganda, na watu huteleza juu yake kwa viatu vyenye vyuma. Amy anawafuata nyuma. Laurie, aliyetangulia, anapaza sauti: shikeni ukingo, katikati si salama. Jo anasikia. Amy, aliye mbali akihangaika na viatu vyake, hasikii. Na Jo anajua kwamba hakusikia. Hapo, anasema Alcott, kile kipepo alichokuwa akikifuga Jo moyoni kikamwambia: asikie asisikie, na ajiangalie mwenyewe.

Amy akashika njia ya katikati. Barafu ikapasuka, akazama. Walimwokoa kwa mti wa uzio walioung'oa.

Tazameni vizuri: Jo hakumsukuma mtu, wala hakutukana. Alinyamaza tu. Dhambi ya namna hii hatuiungami, maana haina kitendo cha kuonyesha. Unajua kwamba yule dada mliyekosana kwenye kikundi anakaribia kumkopesha mtu asiyelipa, nawe unajisemea, "Si mjuaji? Atajionea." Wala hukusema uongo. Kaini naye alipoulizwa alijibu, "Sijui, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?"

Usiku ule, Amy akiwa salama kitandani, Jo analia na kumwuliza mama afanyeje na hasira zake. Anadhani anazungumza na mtu asiyezijua. Mama anamwambia kwamba yeye hukasirika karibu kila siku ya maisha yake. Amejitahidi miaka 40 kuiponya hasira hiyo, na alichofanikiwa ni kuitawala tu. Kutoisikia kabisa moyoni anatumaini atajifunza, hata ikimchukua miaka 40 mingine. Huyu ndiye mama ambaye nyumba nzima humwona mpole!

Maneno hayo yalinifariji kuliko shuhuda nyingi nilizosikia za watu waliosema hasira iliwatoka siku moja, ikaisha. Paulo mwenyewe alianza na "Mwe na hasira". Alichokataza ni kumpa Ibilisi nafasi, na nafasi ile Jo aliitoa usiku, saa nyingi kabla ya kufika mtoni.

Kwa juma hili someni Mwanzo 4:1-16, polepole. Angalieni mstari wa 6 na wa 7: Bwana alimwendea Kaini akiwa bado na uso uliokunjamana, akamwuliza, "Kwa nini una ghadhabu?" Alimwuliza Habili akiwa hai bado, na shambani walikuwa hawajaenda.