Siku moja maishani mwangu: kutunza nyasi zisizodai matunzo mengi

Wengi hudhani nyasi za mapambo hujitunza zenyewe. Ni kweli kwamba zinadai kazi chache, lakini kila kazi ina wakati wake, na usipoifanya kwa wakati, bustani itakuonyesha.

Saa kumi na mbili asubuhi nilinoa mkasi, nikavaa glavu za ngozi na shati la mikono mirefu, kwa maana kingo za majani haya zina vijimeno vya silika, madini magumu kama ya mchanga, vinavyochana ngozi kama wembe. Kufikia saa tatu nilikuwa nimemaliza bustani ya kwanza: kila kichaka nilikifunga kamba, nikakikata sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo. Ukataji huu ni wa mara moja kwa mwaka, kabla machipukizi mapya hayajarefuka.

Saa nne nilifika kwa mteja ambaye nyasi zake zilikuwa zimelala chini na kufa katikati. Alikuwa akizimwagilia kila siku na kuzirundikia mbolea.

“Fundi, ziongezee mbolea, zina njaa,” aliniambia.

“Hapana, mama, zimeshiba kupita kiasi,” nilimjibu, nikamweleza kwamba nitrojeni nyingi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, hurefusha majani laini yasiyoweza kusimama, na kwamba mmea uliokwisha kushika mizizi huhitaji maji wakati wa ukame mrefu tu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akarudia neno la mbolea, nami nikarudia maelezo yangu, mpaka nikaona afadhali nimwonyeshe.

Nikachimba. Kichaka cha miaka mingi haking'oki kirahisi. Mizizi yake imesukana na kushikamana na udongo, na kila pigo la sepeto hurudi mgongoni. Hatimaye nilikipasua kwa msumeno, nikamwita aone: katikati palikuwa pakavu, pa rangi ya kahawia, panavunjika kwa vidole, ilhali ukingoni mashina yalikuwa meupe na yenye unyevu. Nyasi hizi hupanuka kuelekea nje na kuzeeka ndani, na hakuna mbolea inayofufua sehemu iliyokufa. Hapo alinyamaza, akaniletea maji ya kunywa.

Vichaka vilivyobaki vilinimaliza nguvu, hata sikutazama saa tena. Vipande vyenye machipukizi na mizizi hai nilivipanda upya juani, shingo ya mmea, pale mashina yanapokutana na mizizi, ikiwa sawa na uso wa udongo, kwa kuwa ikifukiwa huoza. Alipoomba niongeze Pennisetum setaceum, aina nyingine ya nyasi za mapambo, nilikataa, ingawa ni nzuri mno: mbegu zake husafiri kwa upepo, na huko Hawaii imevamia ardhi na kuchochea moto wa nyika.

Jua lilipokuwa likizama nilimwachia maagizo: amwagilie vipande hivi kwa kina, udongo ukikauka, mpaka vishike mizizi, na mbolea asitie kabisa.