Masizi ya kibatari

Lancaster, Pennsylvania, Jumamosi usiku

Leo nimekaa gereji tangu saa nne asubuhi hadi magharibi, na kazi yote niliyoifanya, kama ningeikusanya kiganjani, isingejaza kijiko cha chai. Ni vumbi tu, na maganda membamba ya mti wa mepo (maple) niliyoyakwangua katika mfereji ambamo mtutu wa bunduki ya kale utalala. Hata hivyo nimeona niandike usiku huu huu, vidole vikiwa bado vinanuka mafuta ya taa, kwa sababu leo ndipo nilipoielewa kazi ambayo marehemu baba yangu alikuwa akiifanya mbele ya macho yangu kule Tanga kwa miaka mingi, nami nikiitazama bila kuiona.

Bunduki yenyewe niliinunua kwenye mnada wa shamba, majira ya baridi manne yaliyopita, ikiwa imefungwa kwa waya pamoja na majembe mawili yasiyo na mipini. Ni bunduki ya fataki ya karne ya 19, yaani inayowashwa kwa kidude kidogo cha kulipuka kinachopigwa na nyundo yake, ya kushindilia baruti na risasi kutoka mdomoni, yenye mtutu wa pembe nane unaozidi urefu wa mita moja. Mtutu haukuandikwa jina la fundi wala mwaka. Wenyeji wa hapa hujivunia bunduki ndefu za Pennsylvania, zilizozaliwa katika karne ya 18 mikononi mwa mafundi wahamiaji waliokuwa wakisema Kijerumani, walioichukua bunduki fupi nene ya wawindaji wa kwao wakairefusha, wakaipunguza unene, wakaivika mti wa mepo wenye mawimbi kama ya hariri iliyopigwa pasi vibaya. Majina ya baadhi yao, kama Jacob Dickert wa hapa Lancaster, yanajulikana, na kazi zao zimo katika majumba ya makumbusho. Yangu haimo katika daraja hilo. Ni bunduki ya mkulima, ya kulindia kuku, na ndiyo maana naipenda.

Mti wake, yaani kitako pamoja na ule mkono mrefu wa mbao unaoubeba mtutu, ulikuwa umeliwa na wadudu hadi ukawa kama mkate mkavu. Nilijaribu kuuokoa kwa gundi kwa miezi miwili, kisha nikakubali kwamba umekwisha. Sikuutupa. Umetundikwa ukutani juu ya meza ya kazi, nami nachonga mwingine nikiutazama huo. Bunduki haitapigwa tena, kwa kuwa mtutu umeliwa na kutu ndani kiasi cha kutoaminika, nayo itakapokamilika itakaa sebuleni. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inaziweka kando silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo, ingawa kila jimbo lina masharti yake na ni wajibu wa mtu kuyasoma. Nyumbani Tanzania nisingeigusa kazi hii bila leseni, hata kwa gobore la babu lililooza darini.

Kitu kimoja kilichonishangaza tangu mwanzo ni kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno ya kazi hii kabla sijayahitaji. Bibi yangu alikuwa akisema gumegume (bunduki ya kuwashwa kwa cheche za jiwe), fataki, mdeki (fimbo ya kushindilia), kushindilia, maneno ambayo vijana wa leo huyasikia kama mafumbo. Hayakuja kwa bahati. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said uliwapa wafanyabiashara wa Kimarekani ruhusa ya kuuza bidhaa zao katika bandari zake, isipokuwa kwamba kisiwani Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake. Mabaharia wa Salem, Massachusetts, walileta nguo ambazo hadi leo twaziita merikani, na silaha nazo zilipita katika njia hizo hizo za bahari zikaingia bara, mara nyingi kwa biashara ya pembe na ya watu, jambo ambalo silisahau ninapoushika mdeki.

Na mdeki ndio kitu cha kwanza nilichokishika. Anayepata bunduki ya kushindilia, hata kama imeshinda ukutani miaka mia moja, hupaswa kudhani kwamba imejaa mpaka aone vinginevyo. Mdeki huingizwa mdomoni mwa mtutu hadi ugote, ukawekwa alama ya chaki pale unapokutana na ukingo, kisha ukatolewa na kulazwa nje sambamba na mtutu, alama ikiwa mdomoni. Ncha ikifika usawa wa tundu la fataki, mtutu ni mtupu. Wangu ulikomea vidole vinne kabla ya hapo. Nilirudia mara tatu, nikipangusa jasho katika gereji yenye barafu dirishani, na jibu likawa lile lile. Nilimpelekea fundi mwenye leseni, akaondoa goroli la risasi lililovikwa kitambaa, na nyuma yake akatoa baruti nyeusi iliyokuwa kavu kabisa. Chembe kidogo alizoziwasha juu ya kigae uani ziliruka moto mara moja, zikaacha harufu ya kiberiti na wingu jeupe. Mtu aliyeijaza hakuna amjuaye tena. Nilirudi nyumbani polepole sana siku ile, nikiendesha kama nimebeba mayai.

Kuhusu vifaa sina mengi, kwa kuwa sikuwa na fedha za vingi: jiliwa moja lenye meno niliyoyavika ngozi ili lisiume mbao wala chuma, patasi sita, tupa za saizi mbalimbali ambazo huzipaka chaki ili vipande vya chuma visizibe meno yake, kinoo cha mafuta, na randa ndogo ya baba, ya mkono mmoja. Bisibisi ndiyo iliyonipa somo la uchungu. Ile ya kawaida ya dukani ncha yake imechongwa kama kabari, kwa hiyo hugusa mdomo wa juu tu wa mfereji wa skurubu, na mtu akiikaza hupanda na kuteleza. Yangu iliteleza katika mwezi wa kwanza, ikachana bamba la mtambo wa kufyatulia mstari wa urefu wa kucha, na mstari huo upo hadi leo kwa sababu nimekataa kuupiga tupa. Tangu hapo kila skurubu nimeitengenezea ncha yake, pande mbili zikiwa sambamba, ikajaa mfereji mpaka chini bila kucheza. Ni kazi ya saa nzima kwa skurubu moja. Wala usitegemee kupata skurubu ya kubadilisha, kwa sababu bunduki hii ilitengenezwa na fundi aliyekata hesi, yaani mizunguko ya meno ya skurubu, kwa kifaa chake mwenyewe, na ni mwaka 1864, mjini Philadelphia, ndipo mtengenezaji mashine William Sellers alipopendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa karakana za nchi hii. Skurubu ya jirani haikuingia kwa jirani.

Sasa nije kwenye masizi.

Mtutu wa pembe nane hauwezi kulazwa katika mbao kwa kukisia. Ukigusa sehemu mbili tu na kuelea kwingine, mbao hubeba uzito wote pale inapoguswa, na siku moja hupasuka. Inatakiwa chuma na mti vigusane kila mahali, na jicho haliwezi kuona hivyo, maana palipogusana ndipo pasipoonekana. Kwa hiyo nilitengeneza kibatari kwa kopo la nyanya, utambi wa pamba na mafuta ya taa, nikauacha mwali ufifie utoe moshi, nikapitisha upande wa chini wa mtutu juu yake hadi ukavaa weusi laini kama mahameli. Kisha mtutu hushushwa wima katika mfereji, hugongwa mara mbili kwa nyundo ya mti, na kuinuliwa wima vile vile, bila kuburura. Mbao nyeupe ya mepo hubaki na madoa meusi. Kila doa ni mahali palipoinuka, na patasi inaruhusiwa kugusa hapo tu, kwa ganda jembamba kiasi cha kuweza kusomea maandishi ukiliweka juu ya gazeti. Ukimaliza unapaka masizi upya, unashusha, unagonga, unainua. Nimekuwa nikiweka mstari wa chaki ukutani kwa kila mzunguko. Leo pekee ipo 43.

Ugumu si wa mkono. Ugumu ni kwamba baada ya mizunguko kumi mtu huanza kuamini kwamba anajua doa litakalofuata litatokea wapi, na kwa kuwa amechoka, hukwangua hapo kabla ya masizi kumwonyesha. Nilifanya hivyo msimu wa mapukutiko, karibu na kisogo cha mtutu, nikaacha nafasi yenye unene wa kadi ya posta. Ilinibidi nichonge kibanzi cha mti ule ule, nikikubaliana na mwelekeo wa nyuzi zake, nikakigundisha, nikaanza upya. Ukijua mahali pa kutazama utakiona. Mke wangu hakioni, nami nakiona kila ninapoingia gerejini.

Ni katika mzunguko wa ishirini na kitu leo mchana ndipo baba aliponijia. Alikuwa seremala wa milango, barabara ya pili kutoka sokoni, na alipokuwa akitia bawaba katika mlango wa mninga alinipa kazi ya kushika koroboi chini ya kila bawaba hadi iwe nyeusi. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Hakunieleza sababu, nami sikumwuliza kwa kuwa hakuwa mtu wa kuulizwa akiwa na patasi mkononi, kwa hiyo nikajipa jibu mwenyewe: masizi ni dawa ya kutu. Nimeliamini jibu hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewahi hata kumweleza mtu, kwa uhakika kabisa, kwamba mafundi wa pwani hupaka masizi kwenye chuma ili chumvi ya bahari isikile. Leo nimeinua mtutu, nikaona madoa, na mkono wangu ukakumbuka ile bawaba ikiinuliwa, baba akiinamisha kichwa pembeni mwa mlango, akikwangua kidogo, akininyooshea tena bawaba bila kusema neno. Ilinibidi niweke patasi chini.

Nafahamu kwamba kazi yote hii ina mashine yake. Thomas Blanchard alibuni kerezo la kuchonga vitako vya bunduki tangu mwaka 1819, mashine inayofuata umbo la kielelezo na kulinakili katika mbao, na baadaye wazo hilo hilo likachonga vifomu vya viatu na mipini ya mashoka. Siidharau hata kidogo. Ningekuwa na askari elfu wa kuwavalisha ningeitaka. Lakini mtutu wangu hauna pacha, umepinda kiasi cha nywele kuelekea kushoto, na hakuna kielelezo cha kuunakili isipokuwa wenyewe.

Mti ukishakuwa tayari nitaupaka mafuta ya mbegu za kitani, matone machache kwa kiganja, nikisugua hadi joto la mkono liyaingize, na kungoja siku kadhaa kati ya tabaka moja na jingine. Vitambaa vya kupakia sitavikunja wala kuvitupa pipani, kwa sababu mafuta hayo hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni na kutoa joto, na lundo la matambara yake huweza kujiwasha lenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Nimeshatundika kamba nje ya mlango wa kuvianikia kimoja kimoja.

Mzunguko wa 43 ulikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Niliposhusha mtutu haukugonga tena kama kijiti juu ya meza. Ulitoa sauti fupi iliyozibwa, na nilipouinua mfereji ulikuwa mweusi wote, kutoka kisogo hadi mdomo, isipokuwa kile kibanzi, chenye upande mmoja wa kijivu. Nikaurudisha. Nikaupindua mti juu chini, taratibu, mkono wangu wa kushoto ukiwa umekingwa chini endapo utaanguka. Haukuanguka. Nilisimama hivyo kwa muda, kisha nikazima kibatari kwa vidole, kama tulivyozoea nyumbani, na kumpigia mama simu ingawa kwao ilikuwa usiku wa manane. Alipokea akiwa na hofu. Nilimwuliza kama randa kubwa ya baba bado ipo, naye akasema ipo, imefungwa kwenye kanga, kabatini.