Siku Tuliyoushuka Sabaki

Kamba ya mtumbwi ilikuwa imefungwa kwenye mwembe wa babu, na ardhi iliyoushika mwembe ule ilikuwa ikiondoka. Kila baada ya muda mfupi pande la ukingo lilimeguka, likaanguka mtoni kwa kishindo kizito kama gunia la mahindi litupwalo kutoka juu ya lori, na maji yakalimeza. Mizizi miwili ilikuwa tayari inaning'inia hewani. Mjomba aliitazama, akatazama jua, kisha akanitazama mimi.

"Hatuwezi kungoja alasiri," akasema.

Ilikuwa katikati ya Desemba 1997, siku za nisfu Shaaban, mwaka wa Elinino. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Oktoba, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa imekatika, na Mto Sabaki, ambao kiangazi hupungua hadi mafungu ya mchanga yakaonekana katikati yake, ulikuwa umejaa ukingo kwa ukingo, rangi ya chai iliyokolea. Maji yale si ya kwetu. Mto Athi huanzia huko juu upande wa Nairobi, ukakutana na Mto Tsavo, na kutoka hapo unaitwa Galana. Ukikaribia Malindi ndipo unapoitwa Sabaki. Kwa hivyo mvua ikipiga bara, sisi tunaipata baada ya siku kadhaa, pengine huku kwetu mbingu ni nyeupe. Siku ile jua lilikuwa linawaka.

Nilikuwa na miaka 16. Shamba la Mjomba lilikuwa ukingo wa kusini, juu kidogo ya daraja la barabara iendayo Garsen na Lamu: migomba, mahindi, na huo mwembe uliopandwa na babu. Mtumbwi, nao wa mti wa mwembe, ulikuwa mali yake kubwa. Ulikuwa na ufa upande wa tezi, yaani nyuma, uliozibwa kwa kipande cha bati na lami, na ndani yake mlikaa kafi mbili na upo wa kuchotea maji, uliokatwa kutoka dumu la mafuta. Alikuwa ameazimia kuushusha hadi karibu na mlango wa mto, kwenye mchanga wa upande wa Malindi, auvute juu mpaka mafuriko yaishe.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Mwezi ulikuwa umetoka kutimia, kwa hivyo ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, na kwetu bamvua hujaa alfajiri na jioni, hupwa karibu saa tano asubuhi. Tungetoka saa tisa alasiri, tukafika mlangoni bahari ikiwa inapanda. Bahari ikipanda huusukuma mto nyuma, mkondo ukalegea, na mtu akapata nafasi ya kuchagua pa kutua. Bahari ikipwa ni kinyume chake. Mto unamwagika kama ndoo iliyopigwa teke, na pale unapokutana na mawimbi yanayokuja ufuoni, maji hupanda juu ya maji yakavunjika hapo hapo.

Mwembe haukutuachia nafasi ya hesabu. Tulifungua kamba saa nne kasorobo.

Mjomba alikaa tezi, mimi omo, mbele. Aliniambia mambo matatu kabla hatujasukuma, na nayakumbuka kwa sauti yake. La kwanza, nisishike ubavu wa mtumbwi hata nikiogopa vipi, mikono ibaki kwenye kafi. La pili, nikiona maji laini yametengeneza umbo la ulimi kati ya maji yanayochemka, nitazame ncha yake: ncha ikielekea huko tuendako, hapo ni njia, ncha ikituelekea sisi, chini yake kuna kitu. La tatu alilisema taratibu zaidi. "Viboko wako pembeni, kwenye maji yaliyotulia. Usinipeleke pembeni mpaka nikwambie."

Huo ndio ulikuwa ugumu wa safari ile. Katikati palikuwa na magogo na mbio. Pembeni, palipotulia, palikuwa na wenyewe.

Mwanzoni sikupiga kafi hata mara kumi. Mto ulitubeba tu. Kitu kilichonishangaza ni ukimya. Nilitarajia mngurumo, lakini ukielea pamoja na maji huyasikii yakienda. Ukingo ndio unaokimbia. Migomba ya watu ilipita, kibanda kilichobaki paa, mbuzi wawili juu ya kichuguu wakitutazama. Maji yalinuka udongo mbichi na majani yaliyooza. Nilichovya kiganja nikakitoa, na mistari yote ya mkono ilikuwa imejaa tope laini kama unga.

Kisha nikausikia mngurumo. Ulikuwa unatoka darajani.

Nguzo za daraja zilikuwa zimeukata mto vipande, na kila kipande kililazimika kupita pembamba kuliko kilivyozoea. Mbele ya kila nguzo maji yalijirundika hadi yakawa na mgongo, na nyuma yake yakaacha shimo linalozunguka. Chini ya daraja, pale vipande vilipokutana tena, mawimbi yalikuwa yamesimama. Sina neno jingine. Wimbi la baharini husafiri, haya yalikaa mahali pamoja yakirukaruka, na maji ndiyo yaliyopita ndani yake. Watu walikuwa wamejipanga juu ya daraja kuangalia mafuriko, na mmoja wao akaanza kutupungia shati, sijui alikuwa anatuita au anatukataza.

"Ulimi!" Mjomba akaita. "Uko wapi?"

Niliuona. Kati ya nguzo mbili, karibu zaidi na upande wa kulia, maji yalikuwa laini na meusi kidogo, yamechongoka kuelekea baharini. Nikanyoosha kafi kumwonyesha.

"Haya, vuta. Vuta kwa nguvu!"

Sikuelewa kwa nini tuvute wakati mto wenyewe unatupeleka kasi kuliko nilivyotaka. Nilikuja kuelewa baadaye sana: chombo kinachokwenda sawa na maji hakisikii kafi, ni sawa na jani. Ukitaka kikutii, lazima kiyapite maji, au kiyazuie. Tulivuta. Nguzo ikapita kushotoni mwangu, karibu kiasi kwamba niliona mstari wa maji wa siku zilizopita na konokono wadogo walioshikamana na saruji. Kivuli cha daraja kikatufunika, baridi ikanishika mgongoni, na tukatoka upande wa pili tukiwa juani.

Wimbi la kwanza lilimwagika mapajani mwangu. La pili liliniinua hadi kafi ikapiga hewa. Nikawa nimefurahi, kwa hakika, furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye chombo kingine chochote. Ndipo gogo lilipotokea.

Lilikuwa limekwama kwenye fungu la mchanga lililofunikwa, mti mzima na matawi yake, na sisi tulikuwa tumegeuka ubavu. Tukalipiga kwa upande wa kushoto. Mwili wangu ulifanya kile ambacho mwili wa mtu yeyote ungefanya: ulilikimbia lile gogo, ukaegemea kulia. Papo hapo ubavu wa kulia ukazama kiasi cha vidole vitatu na mto ukaingia ndani kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Liegemee!" Sauti yake ilikuwa kali, sijapata kuisikia hivyo kabla wala baadaye. "Liegemee gogo, mwanangu! Likumbatie!"

Nikajitupa kushoto. Nililikumbatia kweli, kifua juu ya gome lenye utelezi, shavu kwenye majani yaliyolowa. Ubavu wa kulia ukainuka. Maji yakaacha kuingia, yakawa yanapita chini yetu, na mtumbwi ukatulia pale ukitetemeka.

Nikageuka nimtazame. Mjomba alikuwa ameinua kafi yake kutoka majini, ameilaza mapajani. Nilidhani amekata tamaa. Nilidhani anaomba dua yake ya mwisho, na hofu iliyonipata wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ile ya gogo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye maji, nyuma yetu, juu mtoni. Alikuwa anahesabu. Mto haushuki kwa nguvu moja tu. Unakuja kwa pumzi, unaongezeka, unalegea, unaongezeka. Alizingoja pumzi tatu.

"Sasa," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akalisukuma gogo kwa mguu, mtumbwi ukateleza kwa tezi, na tukawa huru.

Kutoka hapo yeye alipiga kafi na mimi nilichota maji kwa upo. Nilichota hadi mikono ikafa ganzi. Nilipoinua kichwa niliona weupe mbele, mstari mrefu wa mapovu pale mto ulipokuwa ukikutana na bahari iliyopwa, na ng'ambo yake rangi ile nyekundu ikiwa imeelekea kusini, kuelekea mjini. Msimu wa kaskazi maji ya Sabaki hufuata ufuo hadi ghuba ya Malindi, ndiyo maana bahari ya mjini hugeuka udongo miezi hiyo. Kusi likivuma, huenda upande wa Mambrui.

Upande wa kulia ulimi wa mchanga ulikuwa umejitokeza, na nyuma yake maji yalikuwa yakirudi polepole kinyume cha mto. Palikuwa pametulia. Mjomba alipatazama kwa muda ulioniwia mrefu, akitafuta masikio, akitafuta pumzi juu ya maji. Mstari mweupe ulikuwa unakaribia.

"Bismillahi," akasema, akageuza omo.

Hapakuwa na kitu. Mtumbwi ulisaga mchanga, na sauti ile ya mchanga chini ya mbao nikiisikia popote hadi leo, tumbo langu hulegea.

Tuliuvuta juu hadi kwenye majani makavu. Mjomba aliketi, akanishika kisogo kwa kiganja chake chenye tope, akakaa hivyo bila kusema. Tulikuwa bado tumekaa tulipouona mti mkubwa ukija katikati ya mto, mizizi mbele, majani bado mabichi. Kwenye shina ulikuwa na duara jeupe lililosuguliwa na kamba kwa miaka.

Mjomba alisimama. Ulipita mbele yetu, ukazunguka mara moja, ukafika kwenye weupe, ukainuka, ukalala, ukaenda.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Akaokota kafi zote mbili, akanipa moja. "Twende kwa mamako. Wale wa darajani watamfikia kabla yetu."