Aje mama yake

Nimeosha sufuria zote, hata lile la pilau ambalo halikuwa zamu yangu, na bado sauti ya yule nesi inanizunguka kichwani. "Mwezi ujao aje mama yake." Hakuisema kwa ukali. Angeisema kwa ukali ningekuwa nimeshasahau.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo. Mdogo wangu amepeleka mahari Bagamoyo na imepokelewa, mke wangu, Mama Bosi, amepandishwa cheo na Jumatatu anaanza ofisi ya Posta, sare za shule zimeisha mezani kwangu na wateja karibu wote wamelipa. Hayo nitaandika siku nyingine. Leo acheni nimalize hili la kliniki.

Ilikuwa hivi. Bosi, mwanetu, kapimwa, kilo nane na nusu, yuko kwenye kijani kama kawaida yake. Nesi, mama wa makamo, akaitazama kadi, kisha akanitazama mimi.

"Anakula nini, baba?"

"Ananyonya bado. Asubuhi uji, mchana ndizi na dagaa, jioni viazi lishe au wali wa kuponda na maharage. Katikati tunda."

"Nani anampikia?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Ndiyo."

"Mama yake yuko wapi?"

"Kazini."

"Haya. Mwezi ujao aje mama yake, nimweleze habari za chakula."

Akanirudishia kadi. Nikasema asante. Asante ya nini, ndilo swali langu tangu Jumatano.

Tangu hapo nimeshamjibu mara nyingi sana, yeye akiwa hayupo. Kwenye daladala nilimjibu, "Nieleze mimi, masikio ninayo." Kali mno, na ana umri wa dada yangu mkubwa, nisingethubutu. Nikiwa nakata suruali ya mtu nikamjibu kwa upole, "Basi nieleze, nami nitamfikishia," nikaona hapo nimejifanya tarishi kwenye jiko langu mwenyewe. Jibu zuri limenijia jana usiku, nimelala chali. Ningemwuliza swali: "Nesi, dagaa wa mtoto unashauri nisage na vichwa au niviondoe?" Angenijibu tu. Mtu anayejua kazi yake hawezi kuliacha swali kama hilo likapita.

Na kazi anaijua, hapo ndipo panaponiuma. Nilikaa kwenye benchi kumfunga Bosi nepi, nikamsikia akizungumza na binti aliyenifuata kwenye foleni. Binti kasema mwanawe anakunywa uji wa lishe. Umechanganya nini humo? Mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, soya, karanga, na kitu kingine sikukisikia. Nesi akacheka, akamwambia tumbo la mtoto si mashine ya kusaga. Nafaka tano kwenye uji mmoja zinafanya kazi ileile ya nafaka moja, na soya haiivi sawa na mahindi; ikiingia mbichi inazuia mwili usipate protini vizuri. Achukue nafaka moja, aweke karanga zilizosagwa, basi. Chakula kingine akipate kwenye sahani, siyo kwenye uji. Mimi pale nimeinama na nepi, natikisa kichwa kukubali kila neno. Somo nililonyimwa nililipata kwa kuibia, na lote lilikuwa sahihi.

Sasa kwa kuwa yeye hakutaka kusikia, mtasoma nyinyi.

Dagaa nanunua kwa mama mmoja sokoni Mabibo, nikishatoka Mahakama ya Ndizi, soko la ndizi la hapohapo, na mkono wangu wa ndizi bukoba. Nyumbani nawatoa vichwa na matumbo, nawaosha kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, nawakausha, nawakaanga bila mafuta, nawasaga wawe unga. Unga huo kijiko kimoja kinaingia kwenye ndizi zilizopondwa, na nyanya, na mchicha uliokatwa ukawa kama vumbi. Chumvi hapana, sukari hapana, na asali mpaka atimize mwaka, hata shangazi yake akilalamika namna gani. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto anazaliwa nayo huanza kwisha kwenye miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayaifidii. Kwa hiyo dagaa, maini kidogo mara moja kwa wiki, yai, maharage. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, natia tone la mafuta, maana vitamini A yake haipokelewi vizuri bila mafuta.

Karanga nachambua moja moja, mezani, miwani usoni. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, nje. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, na sumu hiyo kuchemsha hakuiondoi. Unga wa lishe wa kwenye vifuko visivyo na tarehe siununui, muuzaji aapie anachotaka.

Yule mama wa dagaa, nikisimama tu mbele ya meza yake, haulizi mke wangu yuko wapi. Safari ya kwanza aliuliza, "Wa mboga au wa mtoto?" Nikasema wa mtoto. "Ana meno mangapi?" Mawili, nikasema, ya chini. Akaliacha fungu alilokuwa ameshika, akainama chini ya meza akatoa wengine, wadogo na weupe, akasema hawa. Ijumaa nilipopita akauliza tena habari ya meno. Nimemwambia sasa manne. Akaongeza kiganja kizima bila kudaiwa.

Halafu kuna kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa ikasagwa. Hiki nimejifunza kwa bibi yangu, na baadaye nikaja kujua kwamba Taasisi ya Chakula na Lishe ilikifanyia utafiti miaka ya 1980, kwa hiyo bibi alikuwa mbele ya wataalamu. Shida ya uji ni moja: tumbo la mtoto linabeba kama gramu 30 kwa kila kilo yake, yaani Bosi akijitahidi sana anamaliza kikombe kimoja. Uji ukiwa mwepesi, kikombe hicho ni maji. Ukiwa mzito, hamezi, anakutemea kwenye shati. Sasa unalowesha ulezi, unaufunga kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, unauanika, unausaga. Unapika uji mzito wa kusimamisha mwiko, unauacha upoe kidogo, maana ukitia kimea kwenye uji unaotokota hakifanyi kitu, kisha unatia kijiko cha chai na kukoroga. Dakika chache uji unalegea wenyewe, na unga ni uleule wote. Unaurudisha jikoni uchemke kidogo, basi. Mimi kila nikiona unalegea nacheka peke yangu.

Wiki hii ulezi ulikuwa umeanikwa barazani, mama mkwe akafika kutoka Moshi bila taarifa, kwa ajili ya kumpongeza binti yake. Nikampokea mzigo, shikamoo mama, marahaba baba, hajakaa hata kwenye kiti pua ikamwelekeza kwenye ungo.

"Baba Bosi, unapika mbege humu ndani?"

Nikamweleza kuwa ni kimea cha uji, si cha pombe. Akachukua punje kadhaa, akazitafuna, akasema zimekaa siku moja zaidi ya inavyotakiwa, zimeanza kuwa chungu, na ungo wangu uko upande wa kivuli. Akauhamisha mwenyewe. Tumebishana kimea mpaka Mama Bosi aliporudi kazini akatukuta hatujapika chakula cha wakubwa. Tukala mtori wa mtoto, sote wanne, na Bosi akalia akidhani tunamwibia. Kweli tulimwibia.

Mama mkwe nilimsimulia ya kliniki. Nilidhani atamtetea nesi. Akasema tu, "Mwezi ujao twende wote, mimi na wewe, tuone atamwambia nani." Nimeifikiria picha hiyo tangu jana na inanipa raha isiyo ya kikristo kabisa.

Nilitaka kuishia hapo, lakini jioni hii mwenye nyumba amekuja na kijana mwenye futi kamba. Wamepima uwanja, wamepima na baraza, kijana anaandika kwenye simu. Nilisikia "kumi na mbili kwa nane". Nikamkaribisha chai, akasema ana haraka, akamshika Bosi shavu, akaondoka. Mkataba wetu unaisha Machi na yeye si mtu wa kukataa chai. Sijamwambia Mama Bosi, nasubiri kwanza Jumatatu yake ipite. Cherehani yangu inakaa kwenye hiyohiyo baraza.