Kabla hujachagua valvu, uliza damu utapimia wapi

Tangu nirudi Wete, kila anayekuja kunijulia hali huniuliza nimewekewa mlango gani wa moyo, yaani valvu, wa chuma au wa mnyama. Wengine wana jamaa zao wanaosubiri kupasuliwa na wanataka niwaambie upi bora. Jibu langu ni refu, na nimeshalitoa sana barazani na kwenye simu, basi naliandika hapa, atakayelihitaji alisome kwa nafasi yake.

Mlango wangu uliharibiwa na mafindofindo ya utotoni. Kwetu wengi ndivyo linavyoanza: koo linauma, mtoto anasukutulishwa maji ya chumvi, linapoa. Kisha viungo vinavimba, navyo vinapoa, watu wanasahau. Kumbe kinga ya mwili iliyoamka kupambana na vijidudu vya kooni imeushambulia na moyo. Miaka inapita, mlango ulio baina ya chumba cha juu na cha chini, upande wa kushoto, unakakamaa na kubana. Mie nilikuja kujua nilipobeba mimba ya mwisho, pumzi zilipokuwa zikinikata hata nikawa nalala nimekaa kitako. Nilitumia vidonge kwa miaka, mpaka mapigo ya moyo yakaanza kwenda ovyo, ndipo nikapewa rufaa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Daktari wa upasuaji alitukalisha mie na mume wangu, akatuwekea mezani valvu mbili za mfano, akasema tuzishike. Ya kwanza, hiyo tunayoiita ya chuma, ni pete iliyozungushiwa kitambaa cheupe, hapo ndipo uzi wa kushonea unapopita. Ndani yake mna vibati viwili vyeusi, kila kimoja nusu duara, vya kaboni ngumu. Nikivisukuma kwa kidole vinafunguka, nikiachia vinajifunga. Ya pili ina kuta tatu laini za rangi ya maziwa, zinakunjika kama ngozi ya dufu iliyoloa. Mume wangu alishaona inakoelekea, akauliza, "Daktari, hiyo si ya nguruwe?" Akajibiwa, "Baba, za nguruwe zipo na za ng'ombe zipo. Hii imetengenezwa kwa ngozi inayofunika moyo wa ng'ombe." Naliandika hili kwa sababu najua kuna mgonjwa linamnyima usingizi na anaona haya kuuliza. Uliza. Masheikh wengi wanaruhusu hata hiyo nyengine panapokuwa na dharura, lakini huenda usifike huko kabisa.

Ya mnyama, sifa yake ni kuwa mtu asiye na sababu nyengine ya kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda huitumia miezi michache tu, kisha akaiacha. Kasoro yake ni kuwa inachakaa. Kwa kawaida inakwenda miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huchakaa mapema zaidi, hapo kifua kinafunguliwa tena. Ya chuma inaweza kukaa umri mzima, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo unameza dawa ya kuizuia, warfarin, kila siku mpaka mwisho wa maisha yako. Vile vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, ambavyo havihitaji kupimwa mara kwa mara, kwa valvu ya chuma havifai.

Kitanda cha jirani yangu alilala bibi harusi wa Makunduchi, hajazaa bado. Yeye alichagua ya ng'ombe, kwa sababu warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni, khasa miezi ile ya mwanzo. Aliniambia, "Dada, najua nitarudi kupasuliwa. Nitarudi nikiwa na wanangu." Sikuwa na la kumuongeza, na mpaka leo naona alichagua sawa.

Mie kuzaa nimeshamaliza, na kwa mapigo yangu yale ya ovyo, warfarin ningeitumia tu hata kama ningewekewa ya ng'ombe. Hapo faida kubwa ya ile laini kwangu ikapungua. Lakini bado sikumjibu daktari nachagua ipi. Nilimpigia kaka yangu Chake Chake, nikamwambia, "Kaka, nenda maabara ukaniulizie. INR wanapima siku gani, wanatoza kiasi gani, na kitendanishi, ile dawa ya kupimia, kikiisha damu inapelekwa wapi?" INR ni kipimo kinachoonesha damu inachukua muda gani kuganda. Mtu asiyetumia dawa huwa 1 hivi, na mwenye valvu ya chuma mahali nilipowekewa mie hutakiwa awe baina ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaganda kwenye valvu, na bonge likikatika linaweza kwenda kwenye ubongo. Ikipanda sana, unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Mwanzoni unapima kila siku chache, ukitulia ndipo unafika mara moja kwa mwezi.

Kaka alinirudishia majibu yote matatu, nikasema ya chuma. Ningekuwa naishi kisiwani Fundo, kila kipimo ni kungoja mashua na bahari itulie, sidhani kama ningejibu hivyo. Ndiyo maana anayeniuliza upi bora, namuuliza kwanza anaishi wapi na nani atamfikisha maabara.

Kabla ya upasuaji walinitazama meno, likang'olewa moja bovu, kwa sababu vijidudu vya kinywani vikiingia kwenye damu huweza kwenda kukaa kwenye valvu mpya. Na hata sasa nikitaka kung'oa jino naanza kwa dawa ya kuua vijidudu. Sindano za penisilini za kila mwezi, za kuzuia ugonjwa ule ulioanzia kooni usirudi, nazo zinaendelea, maana milango mengine bado ni yangu ya asili.

Nyumba iliandaliwa nikiwa bado Dar. Mfupa wa kidari unakatwa katikati na kufungwa kwa waya, na unataka wiki 6 hadi 12 kuunga. Muda huo hunyanyui kitu kizito, husukumi, huvuti, na hujiinui kwa mikono. Fikirini kazi za mwanamke wa Pemba: kuvuta ndoo kisimani, kukamua nguo, kusukuma chapati, na kukaa juu ya mbuzi ukikuna nazi kwa nguvu za mabega. Zote marufuku. Wifi yangu alihamia kwetu, mbuzi akaipeleka kwake ili nisishawishike. Kitanda cha samadari nilikiacha, kirefu mno, kukipanda mpaka ujivute. Fundi alitoboa kiti cha plastiki kikawekwa chooni, maana kuchuchumaa na kuinuka bila kushika kitu sikuweza. Nilisali kitini. Mto mdogo haukunitoka mkononi, nikitaka kukohoa naukumbatia kifuani, na kukohoa ni lazima ili mapafu yafunguke.

Wageni wanakuja kwa mapenzi, lakini wakumbusheni kukuvuta mkono wakuinue siyo msaada. Washikwe na mwenye nyumba mlangoni, waambiwe.

Mama mkwe aliposikia mboga za majani zinapunguza nguvu ya warfarin, alipiga marufuku mchicha na kisamvu. Daktari alisema kula, ila usile mwingi wiki hii na wiki ijayo usiguse kabisa. Kiasi kisibadilike. Ninachokiogopa zaidi ni duka la dawa. Flagyl tunainunua kama peremende tumbo likisokota, nayo inapandisha INR vibaya, na septrin vivyo hivyo. Diklofenaki ya mgongo inaongeza hatari ya kuvuja damu. Mitishamba na hijama, mpaka umeuliza kliniki. Kidonge changu nameza baada ya Isha, binti yangu anatia alama kwenye kalenda, na kadi ya INR iko mkobani pamoja na kitambulisho.

Usiku pakiwa kimya nasikia valvu inavyogonga. Mume wangu naye anaisikia, na tumeambiwa tuuzoee mlio wake, kwa sababu ukififia au ukipotea si jambo la kungoja asubuhi. Sawasawa na homa isiyokwisha, choo cheusi, ulimi kuwa mzito ghafla, au pumzi kukata ukilala chali. Mambo hayo kaka yangu ameyaandika kwenye karatasi, imebandikwa nyuma ya mlango wa chumbani, na chini yake pana namba ya jirani mwenye gari.