Mtoto akipaliwa na karanga au ubuyu

Mtoto aliyepaliwa akikohoa kwa sauti, mwache akohoe. Kaa naye, mwinamishe mbele, usimpe maji. Cha kuogopa ni ukimya: mdomo wazi, kilio hakitoki, midomo inabadilika rangi. Hapo usikimbilie bodaboda. Ubongo ukikosa hewa dakika nne hivi huanza kuumia, na njiani hakuna atakayemsaidia. Anza wewe, mwingine atafute gari.

Wa chini ya mwaka 1 mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono uegemee paja, kichwa kiwe chini kuliko kifua. Shika taya, si koo. Wengi hukosea hapa: wanabana njia ileile wanayotaka ifunguke. Kwa kitako cha kiganja mpige kati ya mabega mara 5, kwa nguvu ya kweli, ukiangalia kila pigo kama kitu kimetoka. Hakijatoka? Mgeuze chali, kichwa kibaki chini, ubonyeze katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Rudia 5 kwa 5. Tumbo usiliguse: ini la mtoto mchanga ni kubwa na mbavu hazilifuniki vizuri.

Aliyepita mwaka mpige mgongoni mara 5 akiwa ameinama, kisha piga magoti nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na chembe cha moyo, vuta ndani na juu mara 5.

Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze sakafuni: bonyeza kifua mara 30, puliza pumzi 2, endelea hivyo. Kabla ya kupuliza, chungulia kinywani. Toa unachokiona tu, maana kidole cha kubahatisha hukisukuma kitu ndani zaidi. Kupuliza utosini na kumning'iniza kwa miguu ni kupoteza sekunde.

Aliyebonyezwa tumbo au kifua apelekwe hospitali hata akicheka. Na akibaki na kikohozi kisichoisha, au kifua kinalia upande mmoja, mwambie daktari waziwazi: "Alipaliwa na karanga." Kipande chake kinaweza kukaa kwenye njia ya hewa kwa wiki kadhaa, na mara nyingi hakionekani kwenye eksirei. Bila maneno hayo mtoto hutibiwa nimonia, tena na tena.